Mistari Miwili Isiyo Yangu

Mistari miwili ya mwisho ya koncheto yangu ya viola si yangu. Nimeanza na hilo ili msomaji asije akanipenda kabla ya wakati.

Kwanza nieleze koncheto ni nini, maana nimewahi kuulizwa hata na watu walioimba kwaya miaka ishirini, na wala si jambo gumu. Chukua mtu mmoja mwenye chombo chake, mweke mbele. Nyuma yake weka wenzake kumi au kumi na wawili, kila mmoja na chombo chake. Yule wa mbele anasema jambo, wa nyuma wanamjibu. Mara wanamuunga mkono, mara wanambishia, mara wanamwacha aseme peke yake. Mazungumzo hayo ukiyaandika tangu mwanzo mpaka mwisho, umepata koncheto. Kama umewahi kusikia mwimbishaji wa ngoma akitoa na wenzake wakapokea, nusu ya somo umeshalijua.

Viola nayo ni fidla iliyonenepa kidogo na kushuka sauti. Katika kwaya tungeiita sauti ya pili, ile wanayoimba akina mama wanaosimama katikati. Watu husikia sauti ya kwanza kwa sababu iko juu, na besi kwa sababu inatikisa mabenchi. Sauti ya pili hawaisikii mpaka siku inaponyamaza. Ndipo wanageuka na kuulizana kilichopungua.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mkumbi na mwalimu wa kwaya ya kigango. Viola niliachiwa na bruda mmoja mzee aliyenifundisha nilipokuwa sekondari ya misheni. Alipokuwa anarudi kwao aliniambia mizigo yake imezidi uzito, lakini nadhani alinionea huruma tu. Kamba yake ya juu ilikatika mwaka wa pili. Mke wa ndugu yangu mmoja wa ukoo, ambaye kwao ni Mbaha huko ziwani, alikwenda kumsalimia baba yake akarudi na uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Tukaufunga, ukalia. Si vizuri sana, lakini ukalia.

Huyo shemeji ndiye mwenye ile mistari miwili.

Alikuwa akiimba sauti ya pili. Alilelewa katika kanisa la Kianglikana, akaja kwetu milimani kwa ndoa, na akaingia kwaya yetu ya Kikatoliki wiki ile ile aliyofika, kabla hata hajajua njia ya kwenda kisimani. Nota za do-re-mi alizisoma ubaoni kama mwingine anavyosoma tangazo la mkutano. Baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa mstaafu, na alikuwa amempinga kuolewa huku juu. Alimwambia kwamba sauti yake itaishia kwenye kumenya kahawa. Hilo alinisimulia akicheka, lakini alinisimulia mara tatu.

Koncheto ilianza kwa ombi la padri mmoja mgeni. Katika shule ya misheni aliyokuwa akifundisha, safari ya siku nzima kutoka kwetu, alikuwa amekusanya vijana na walimu wenye fidla, selo mbili, besi moja na filimbi, akawafanya okestra ndogo. Alisikia kwamba kuna mwalimu Mkumbi mwenye viola. Akaniandikia barua: nitunge kitu, nije nikipige mimi mwenyewe mbele ya okestra yake, kwenye sherehe za shule baada ya msimu wa kahawa.

Nilikuwa na karatasi tele. Ile ilikuwa miaka ambayo wanunuzi binafsi walianza kupita nyumba kwa nyumba na mizani zao, na watu wakaacha kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi. Mume wa shemeji alikuwa mtunza ghala wa chama. Fomu za kupokelea kahawa zilikuwa zimemjaa rafuni, hazina wa kuandikwa. Aliniletea mafungu. Nilifunga vijiti vitano vya wino wa kalamu kwenye kipande cha rula, nikiburuta mara moja napata mistari mitano iliyonyooka. Nyuma ya kila ukurasa wa koncheto yangu pameandikwa "Jina la mkulima", na mbele yake nafasi tupu.

Piano sikuwa nayo. Na mtu asiye na piano atajuaje kama alichoandika kinasikika vizuri? Nitakuambia nilivyofanya, huenda nawe ukahitaji. Jumamosi, baada ya mazoezi ya nyimbo za Misa, niliwaomba wanakwaya wabaki nusu saa. Niliandika ubaoni sauti nne kwa do-re-mi, fidla nikawapa sauti ya kwanza, selo nikawapa ya tatu, besi kwa besi, na sehemu ya viola, ile ya kuongoza, nikampa shemeji peke yake.

"Mwalimu," alisema fundi baiskeli wetu, besi mkubwa, "wimbo huu mbona hauna maneno? Tutaimba 'la la la' mpaka Pasaka?"

"Imba tu."

"Naimba. Lakini nikifa kabla ya Pasaka, Mungu akiniuliza nilimwambia nini, nimjibu 'la'?"

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika. Shemeji hakucheka, alikuwa anatazama mstari wangu wa tatu.

"Hapa," alisema, "unapanda bila kuvuta pumzi."

"Viola haivuti pumzi, shemeji."

"Anayesikiliza je?"

Nikafuta, nikaweka nafasi ya kupumua. Kwa miezi minne tulifanya kazi namna hiyo. Nikiipiga koncheto ile leo, naisikia sauti yake katika sehemu nyingi, lakini sehemu hizo zilikuwa zangu kweli, yeye alizinyoosha tu. Mwisho ndio haukuwa wangu.

Mwisho ulinishinda. Nilitunga miisho saba. Yote ilikuwa ile ile: viola inapanda juu kabisa, okestra inapiga kwa nguvu, do kubwa, basi. Nilijua ni ya uongo lakini sikujua kwa nini.

Jumapili moja mchana nilikwenda kwao. Walikuwa wameshachuma, na kahawa ikishachumwa haingoji. Lazima imenywe siku hiyo hiyo. Shemeji alikuwa akizungusha mkono wa mashine ya kumenyea, mumewe akimwaga matunda juu, maganda mekundu yakitoka upande huu na punje zenye utelezi upande ule. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na fomu zangu mapajani.

"Umemaliza?" aliniuliza.

Nikamwimbia mwisho wa saba. Aliacha kuzungusha.

"Shemeji, huo si mwisho. Huo ni mtu anafunga mlango kwa kishindo ili wageni wajue nyumba ni yake."

Mumewe akacheka. "Kakupata hapo."

"Sasa ungemalizaje wewe?" nilisema, kwa kiburi kidogo, nakiri.

Alifuta mikono kwenye kanga. Akanieleza kwamba bibi yake alipokuwa akiongoza kioda, ile ngoma ya wanawake wa ziwani, hakumaliza wimbo aliouanzisha. Katika kundi lao ilikuwa aibu kufanya hivyo. Mwanzishaji alinyamaza ghafla, wimbo ukabaki hewani, na mmoja wa wale walioimba chini siku nzima bila kusikika ndiye aliyeupokea na kuutua.

"Wanapanga nani atapokea?"

"Hawapangi. Mwanzishaji anangoja. Ndiyo maana inabidi awe amewatendea wenzake vizuri."

Kisha akaimba. Alianza pale viola yangu ilipofika juu, akakata. Akatulia kwa muda ambao mimi nisingethubutu. Halafu, kwa sauti ya chini, akashuka polepole mistari miwili, akaishia kwenye re.

"Hukurudi do," nilisema.

"Do ya nini? Kwani ukitua ndoo lazima uigonge chini?"

Niliandika haraka kabla haijapotea. Fomu hiyo bado ina doa la utelezi wa kahawa. Alinitazama nikiandika, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Utaniandika?"

"Kukuandika wapi?"

"Kwenye karatasi ya ratiba, siku ya sherehe. Hata kwa herufi ndogo, pembeni. Nimpelekee baba. Bado anasoma, akishika karatasi karibu na macho."

"Nitakuandika, shemeji. Mistari hii ni yako."

Nilisema kwa moyo mweupe. Nataka hilo lijulikane, si kwa kujitetea, bali kwa sababu watu hudhani ahadi inayovunjwa ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Yangu ilikuwa nzima kwa majuma matatu.

Ilivunjika kwenye zoezi la kwanza na okestra. Nilikwenda peke yangu. Tukapiga mpaka mwisho: viola ikakata, kimya, halafu fidla ya pili ya nyuma kabisa, iliyoshikwa na mwalimu mmoja wa hesabu mwenye haya, ikaupokea wimbo na kuutua. Padri alishusha mikono. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," aliniambia, "huu mwisho umeupata wapi?"

Vijana wote walinigeukia. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo katika maisha yangu.

"Umekuja tu, Padri," nilisema.

Maneno matatu. Ningeweza kuyasahihisha dakika ile ile. Ningesema, hapana, samahani, ni wa shemeji yangu, anaimba sauti ya pili. Isingenigharimu kitu. Lakini Padri alikuwa ameshaanza kuwaambia vijana juu ya mambo yanayomjia mtunzi, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mengine yalifuata hilo, moja likivuta jingine. Katibu wa shule ile aliponiuliza aandike nini kwenye karatasi ya sherehe, mbele ya neno "Mtunzi" nilimpa jina moja. Kisha nikaona kwamba shemeji akija siku hiyo, atamsikia Padri akinisifu kwa ajili ya mwisho. Kwaya ilikuwa imepewa nafasi sita kwenye Land Rover ya parokia. Nikamwambia zimejaa.

Alikuwa ameshashona gauni la kitenge. Nililiona limetundikwa nyuma yake mlangoni wakati namdanganya.

"Haya, shemeji," alisema. "Basi nitaiona kwenye karatasi."

Gari liliondoka na watu watano. Fundi baiskeli alinyoosha miguu kwenye nafasi iliyobaki akamshukuru Mungu kwa uwazi.

Sherehe yenyewe sitaieleza sana. Tulipiga vizuri. Mwalimu wa hesabu alipomaliza mistari ile miwili, ukumbi mzima ulisimama. Mimi ndiye niliyeinama kupokea makofi.

Niliporudi nilimwambia shemeji kwamba karatasi ziliisha, watu walikuwa wengi. Zilikuwa kwenye begi langu, kama arobaini hivi, zilizobaki. Nilizifungia kwenye kabati la ofisi ya shule. Kuna aliyeniuliza baadaye kwa nini sikuzichoma. Sikuweza. Zilikuwa na jina langu.

Mwaka uliofuata, nikiwa likizo, mwalimu mkuu alisafisha kabati. Karatasi zote zisizo na kazi alimpa mama mmoja aliyeuza dagaa sokoni Mbinga, za kufungia. Mimi sikujua. Jumamosi moja ya mazoezi, shemeji alikuja mapema. Alikuwa ameinyoosha karatasi kwa kiganja, lakini mikunjo ilibaki, na ilinuka samaki wa kwao.

"Mwalimu," alisema. Hakusema shemeji. "Hii nimeipata sokoni. Nimeisoma yote, mbele na nyuma."

Nilinyoosha mkono niipokee.

"Imeandikwa vizuri," alisema, akaiweka juu ya kitabu changu cha nota, akaenda kusimama mahali pake.

Nilidhani ataacha kwaya. Hakuacha. Alikuja kila Jumamosi, kila Jumapili, akasoma nota kama zamani. Ila katika kila wimbo, tulipofika mstari wa mwisho, alifunga mdomo. Hakukunja uso, hakufanya ishara yoyote. Aliacha tu, na wenzake wa sauti ya pili, waliozoea kumfuata, wakayumba. Nyimbo zetu zikawa zinaanguka mwishoni. Waumini walisema kwaya imechoka. Fundi baiskeli aliniambia mbele ya watu, "Mwalimu, mbona siku hizi tunaimba kama gari lililoishiwa mafuta?" Na mimi, niliyekuwa nikimkaripia mtu kwa kukohoa, sikuweza kumwambia shemeji neno. Ningemwambia nini? Malizia wimbo?

Msimu uliofuata chama cha msingi kilifunga ghala. Mumewe hakuwa na kazi tena, na shamba lao lilikuwa dogo, mashimo machache ya ngoro, kilimo chetu cha miteremkoni, na vitalu viwili vya kahawa. Wakahamia Mbaha kwa baba yake. Walipopakia vitu nilikuwa darasani. Nilisikia lori likiwashwa. Niliendelea kuandika ubaoni sentensi za Kiswahili mpaka mlio ukaisha.

Miaka miwili nilikaa na jambo hilo. Halafu niliandika upya ukurasa wa kwanza wa koncheto, jina langu, na chini yake, kwa herufi zile zile, jina la shemeji. Nikabeba viola. Nilipanda lori la mahindi, nikalala Kingerikiti, nikateremka mpaka ziwani, kisha nikapanda mtumbwi kufuata ufuko kuelekea Mbaha. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyomwambia baba yake: Shikamoo mzee, nimekuletea karatasi ya binti yako.

Nilimkuta shemeji kwenye chanja, anageuza dagaa juani. Chanja kama lile la kuanikia kahawa kwetu, mkono ule ule.

"Karibu, Mwalimu."

"Asante. Mzee nimemkuta?"

"Hayupo. Tulimzika masika yaliyopita."

Nikampa pole. Alinipa kigoda. Nikamtolea ukurasa, akafuta mikono kwanza, akausoma, akaushika karibu na macho, ingawa yeye macho yake ni mazima.

"Jina nimeliona," alisema. "Sasa nimpe nani?"

Nikatoa viola. Sijui kwa nini niliona nikipiga itasaidia. Labda nilitaka tu aisikie, kwa sababu kati ya watu wote hakuwahi kuisikia. Nilipiga sehemu ya mwisho peke yangu, bila okestra, na uzi wake wa mshipi ukilia juu. Nilifika pale juu. Nikakata.

Nikangoja.

Aliendelea kugeuza dagaa, safu moja, safu ya pili. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Nilisikia mtu akigonga mbao za mtumbwi mbali. Wimbo ulikaa hewani mpaka ukaoza, na hakuupokea.

"Umeona unavyokaa?" alisema hatimaye, bila ukali. "Mimi nilikaa nao hivyo."

"Nisamehe, shemeji."

"Karatasi hii umeniletea mimi. Mimi nilikuwa najua. Nenda ukawaambie uliowaficha."

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya Mkumbi nikasema yote: zile nafasi sita, kabati, yale maneno matatu. Nilikuwa nimeshika ubao kwa nyuma. Nilipomaliza walitazamana.

"Mwalimu," alisema fundi baiskeli, taratibu safari hii, "sisi tulijua. Aliuimba mwisho ule msimu mzima akiosha kahawa. Kijiji chote kiliusikia. Tulikuwa tunangoja tu utasema lini."

Nilishuka tena ziwani mwaka uliofuata kumpa habari. Nilimweleza nilivyosimama, nilivyosema.

"Wakasemaje?"

"Wakasema walijua."

Alicheka, kicheko kile cha zamani, mpaka akakaa chini. "Kumbe aliyekuwa anajificha ni wewe peke yako!" Kisha akajifuta macho. "Na Padri?"

"Amerudi kwao. Nimeandika barua mbili, hazijajibiwa."

"Basi bado, shemeji." Aliniita shemeji. "Ukimpata, njoo na zeze lako hilo. Nitakumalizia."

Sijampata. Vijana wa okestra wametawanyika. Mwalimu wa hesabu nilimwona mara moja, nikamwambia, akanishika mkono muda mrefu. Jina la shemeji liko kwenye nota. Hapa sijaliandika kwa sababu alinikataza: alisema lisemwe kwanza pale lilipofichwa, ndipo lisemwe kwingine.

Kwa wewe unayejaribu kutunga chochote, jipe moyo, utungaji si uchawi, na kuomba msaada hakukupunguzii kitu. Ila msaidizi wako mwandike siku hiyo hiyo, kabla hujakutana na mtu wa kukusifu.

Na kama yule padri yu hai, na bado anasoma Kiswahili alichojifunza kwetu, haya ndiyo niliyopaswa kumjibu alipovaa tena miwani yake. Haukuja tu, Padri. Nilipewa na mke wa ndugu yangu, mchana, penye mashine ya kumenyea kahawa, na alichotaka ni baba yake asome jina lake. Tafadhali nijibu. Kuna mtu Mbaha anangoja kumaliza wimbo.